Vibakuli Vinne vya Mzee Mizani

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, amepima udongo miaka thelathini na moja katika maabara moja, na ndiyo maana chuo kizima kinamwita Mzee Mizani. Wasomi kumi na tisa wameitwa Daktari kwa tarakimu za mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyemtaja jina kwenye tasnifu yake. Wanaandika "fundi wa maabara" na kusonga mbele. Hilo linaniudhi mimi kuliko linavyomuudhi yeye. Mimi ni mtunza stoo wa idara hiyohiyo, na kuudhika nimeshakuzoea.

Ana mazoea mawili yanayonikera. La kwanza, hatupi udongo. Kila kopo lililobaki hulibandika lebo na kulileta stooni kwangu, hadi nimekosa pa kuweka sabuni. La pili, hawezi kuvumilia jedwali lenye pengo. Bosi wake wa kwanza alimwambia kwamba fundi anayeacha nafasi tupu ni fundi aliyelala kazini, na neno hilo halijamtoka kichwani mpaka leo.

Mwaka huu kanuni za shahada ya uzamivu zikabadilishwa nchi nzima. Waraka uliletwa idarani, kurasa tisa, nami niliusoma wote kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuubandika. Mwanafunzi atakayepitisha miaka saba anafutwa. Tasnifu haipokelewi bila madaftari ya vipimo. Na kila aliyepima, awe profesa au fundi, atie saini kwamba kila tarakimu imetoka kwenye kifaa, si kichwani mwake.

Aliyebanwa zaidi ni binti mwanafunzi tunayemwita Mwalimu, kwa kuwa asubuhi anafundisha sekondari na mchana yuko maabara. Yuko mwaka wa saba. Alikuwa amebakiza wiki tano na saini moja, ya Mzee Mizani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona umekonda?"

"Kanuni zimenikondesha. Nisainie hapa tu, nikimbie."

Shemeji akachukua kalamu, akaifungua, akaifunga. Akamwomba aiache fomu mpaka kesho. Nilidhani kasahau miwani, nikamtania kwamba uzee umeingia bila kubisha hodi. Hakucheka, na huyu mtu hucheka hata utani mbovu.

Saa ya chai alinifuata stooni, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Shemeji, unaikumbuka Jumatano ile?"

Sikuuliza ipi. Ni miaka mitatu sasa. Dada alilazwa Jumatatu, na Jumatano jioni alitutoka.

"Nilikuwa nachoma udongo wa Mwalimu kwenye tanuri, tujue una mboji kiasi gani," akasema. "Usiku umeme ukakatika, mimi niko wodini. Narudi asubuhi, vibakuli vinne havijaiva. Nikasema nianze upya. Simu ikaita, njoo haraka. Daftari liko wazi, nafasi nne tupu. Nikaangalia tarakimu za jirani, nikaandika za katikati, nikakimbia."

Aliwahi. Dada alikuwa bado anamtambua, na hilo nalishukuru mpaka leo. Kwa hiyo nilimwambia asaini.

"Vinne kati ya mia mbili! Nani atajua? Umebakiza miezi mitano ustaafu, unataka barua ya onyo ndiyo ikuage?"

"Atakayesimama mbele ya jopo ni yule binti, shemeji. Wakimuuliza hiki kimepatikanaje, atawajibu kitu asichokijua. Atakuwa anadanganya na mwenyewe hana habari."



Kesho yake alimweleza Mwalimu yote, mbele yangu. Mwalimu alikaa chini, akalia kwa hasira, si kwa huzuni.

"Miaka saba, mzee! Si ungeacha tu wazi? Mimi ningekuelewa."

"Niliona aibu kuacha pengo."

Akapangusa macho. Kisha, maana kichwa chake kinafanya kazi hata akilia, akauliza, "Udongo wenyewe bado upo?"

Wote wawili wakanigeukia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeapa, tena kwa sauti ya korido nzima, kwamba makopo yote nayatupa jalalani. Niliwaacha wateseke kidogo, kisha nikafungua kabati la mwisho. Sikuwa nimetupa hata kopo moja. Ukali wangu unaishia mdomoni.

Kipimo kilirudiwa kwa siku mbili. Kanuni mpya zinataka shahidi, basi nikaletewa kigoda nikakaa kando ya tanuri. Vibakuli vitatu vilikaribiana na makisio yake. Cha nne kilitoa nusu tu ya kile alichoandika, na kumbe ndicho Mwalimu alichokuwa amekiandikia kurasa tatu za kukisifu. Alizifuta zote tatu. Msimamizi wake, profesa ambaye sijawahi kumwona maabara, aligomba siku nzima kisha akasaini upya. Tasnifu iliingia ofisini siku mbili kabla ya mlango kufungwa, na jopo likaipitisha.

Barua ya onyo nayo ilikuja. Shemeji aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema onyo hilo ni haki yake. Mimi niliona si haki hata kidogo, na bado naona hivyo.

Wiki iliyopita Mwalimu, siku hizi Daktari, alituletea nakala iliyojalidiwa. Alinifungulia ukurasa wa mia na kumi na mbili, nami nikausoma kwa sauti kwa sababu safari hii shemeji kweli alikuwa amesahau miwani. Uliandikwa hivi: "Sampuli nne zilipimwa upya. Kipimo cha kwanza hakikukamilika kwa sababu mpimaji aliitwa hospitalini kumuaga mkewe, aliyefariki siku hiyo." Chini yake jina kamili la shemeji, na jina la dada yangu.

Dada hakuwahi kuvuka hata geti la chuo kile. Nilimsomea shemeji mara mbili. Nilipoanza mara ya tatu alinyoosha mkono, akaufunika mstari ule kwa kiganja.

"Basi, shemeji," akasema. "Nimesikia."