Nilivyomnyima Mwanangu Titi kwa Kufuata Saa

Habari hii nimekwisha kuisimulia mara nyingi mbele ya wanawake wenzangu wa Kondoa, na kila niimalizapo huwa nimechoka kuliko mara iliyotangulia. Sichoshwi na kumbukumbu ya maumivu, kwani maumivu ya mwili husahaulika. Nachoshwa na wasikilizaji. Wengine huondoka wakisema, "Ona ujinga wa wazee wetu." Wengine huondoka wakisema, "Ona madhara ya vitabu." Wote huwa hawakunisikiliza. Kwa hiyo sasa naiandika, ili atakayeisoma asiweze kunikata kauli katikati.

Mimi ni mwalimu. Nilianza kazi hiyo nikiwa msichana, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, katika darasa dogo la wasichana hapa mjini. Wanawake waliojua kusoma siku hizo walikuwa wa kuhesabika, na nakiri kwamba jambo hilo lilinilevya. Nilisoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu, hata gazeti kuukuu lililofungiwa sukari dukani kwa Mhindi. Nilipenda utaratibu katika kila kitu, na sikuwaonea huruma waliokuwa hawana. Nilipowaona majirani wakinyonyesha barazani, njiani na sokoni, mtoto akining'inia kifuani huku mama akipima karanga, niligeuza uso. Siku moja nilimwambia mmoja wao, Mama Shaibu, aliyekuwa akiuza karanga mlango wa tatu kutoka kwangu, "Mwanao hana wakati wa kula? Hata ng'ombe hukamuliwa kwa wakati."

Akacheka tu. "Mwalimu, wangu hajaanza shule."

Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na sita, watu walipokuwa wamekwisha kunikatia tamaa. Mume wangu alikuwa karani katika stesheni ya reli ya Dodoma, na alikuja nyumbani kwa lori mara moja kwa mwezi. Nilipokuwa mjamzito, muuguzi mmoja wa Kizungu aliyepita wilayani kufundisha mambo ya uzazi alinipa kijitabu cha malezi kilichoandikwa kwa Kiswahili. Nilikisoma hata nikakihifadhi moyoni.

Mtoto, mvulana, alizaliwa nyumbani, wakati uwele ulipokuwa ukivunwa. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mama kama inavyopasa, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao Kolo ili akae nami siku arobaini. Mtoto alipokwisha kuoshwa, Mama alilishika titi langu akaanza kuyakamua maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano tunayoyaita dang'a, apate kuyamwaga.

"Haya ni uchafu, mwanangu. Yamekaa humo miezi tisa."

"Hapana, Mama. Kijitabu kinasema ndiyo kinga yake ya kwanza."

"Kijitabu kimezaa wangapi?"

Niliukinga mkono wake, nikampa mtoto titi. Alinyonya, akapata choo cheusi, akalala usingizi mzuri. Siku ya tatu Mama alitamka mwenyewe mbele ya wageni, "Katika hili mkwe wangu alikuwa na haki. Mimi wangu wote niliwamwagia, na wawili niliwazika."

Ushindi huo ndio ulioniangamiza. Kwa kuwa kijitabu kilikuwa kimesema kweli katika ukurasa wa kwanza, niliona kwamba kurasa zote zilizosalia zilikuwa kweli vilevile.

Kijitabu kiliagiza mtoto anyonye kila baada ya saa nne, dakika kumi kila upande, na baina ya nyakati hizo aachwe alie, kwa maana kilio hupanua mapafu na kujenga tabia. Basi nilimnyonyesha saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne za usiku, kisha hakupata kitu hadi alfajiri. Mezani niliweka saa. Matiti yalijaa hata yakavuja, kanga zikalowa, mtoto akalia katika chumba kilekile nilichokaa, nami nikawa nimekunja mikono nikiutazama mshale.

"Mpe," Mama alisema.

"Bado dakika arobaini, Mama."

"Mtoto huyu umemzaa wewe au imemzaa saa?"

"Asipozoezwa sasa, atakuwa mtu asiyeweza kujizuia maisha yake yote."

Mama akatoka nje. Nilimsikia akimwambia Mama Shaibu barazani, "Mkwe wangu anamfungisha mtoto kabla hajajua kula. Tuna Ramadhani ya peke yetu humu ndani." Mama Shaibu akauliza kama daku lipo. Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Asubuhi moja ya wiki ya nne niliamka na donge katika titi la kulia, upande wa kwapani, gumu kama kokoto. Kufikia adhuhuri titi zima lilikuwa limevimba na kumetameta, na mkono ukiligusa ulihisi moto. Baridi ikaniingia hata meno yakagongana, nami nilikuwa nimekaa juani na blanketi mbili. Ilipofika saa nane nilimweka mtoto. Alipovuta mara moja, nilipiga ukelele, akashtuka akaachia.

Hapo ndipo zamu ya kukosea ilipomfikia mama mkwe wangu. Alisema, "Maziwa ya titi lenye homa ni sumu. Na hilo la pili liko katika mwili uleule. Asinyonye tena."

Nilikubali. Msidhani kwamba nilikubali kwa heshima. Nilikuwa na maumivu, na neno lake lilinipa ruhusa niliyokuwa nikiitamani. Alinifunga kifua kwa kanga, akaikaza kama mtu afungaye mzigo wa kuni, akanikanda kwa majivu ya moto yaliyofungwa ndani ya kitambaa, hata ngozi ikafanya malengelenge. Mtoto alipewa uji mwepesi wa uwele, na maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kwa kijiko.

Siku ya tatu alianza kuhara. Choo kilikuwa maji ya kijani yenye harufu kali, mara nane, mara kumi kwa siku. Siku ya tano utosi wake ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Alifungua kinywa kama aliaye, lakini sauti haikutoka wala machozi hayakuwapo. Kwa wiki tatu nilikuwa nimejitahidi kumfundisha anyamaze. Sasa alikuwa amenyamaza.

Mchana huo Mama Shaibu aliingia bila kubisha hodi, amembeba ubavuni binti yake wa miezi saba. Alimtazama mwanangu muda mrefu. Kisha akamketisha bintiye sakafuni, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo."

Sikumpa. Nami nitaeleza kwa nini, kwa sababu ndilo jambo ninaloona haya kuliko yote niliyoyataja. Sikuweza kuvumilia kwamba mwanamke niliyemlinganisha na ng'ombe ndiye atakayemponya mwanangu. Lakini hilo halisemeki, kwa hiyo nilijificha nyuma ya dini.

"Akinyonya kwako, binti zako watakuwa dada zake," nilisema. "Kesho akitaka kumwoa mmoja wao itakuwa haramu."

Mama alisimama. Sikupata kumwona amekasirika namna ile, kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Utamwozesha maiti? Akipata dada sita ni neema. Mpe, binti wewe! Mpe!"

Akamtwaa mtoto mikononi mwangu, akampa Mama Shaibu. Mama Shaibu alikaa mkekani, akalitoa titi, akanitazama. "Mwalimu, niangalizie saa, nisije nikamlisha kabla ya wakati." Alisema hivyo huku macho yake yamejaa machozi.

Mtoto hakuwa na nguvu za kuvuta. Mama Shaibu alikamua tone moja moja ndani ya midomo yake. La kwanza lilitiririka shavuni, la pili vilevile. Sote tulikuwa tukilitazama koo la mtoto. Sijui lilikuwa tone la ngapi alipomeza.

Kesho yake wanaume wawili wa mtaani walinibeba kitandani hadi zahanati. Siku hizo alikuwapo mganga msaidizi, mtu mzima kutoka upande wa Tabora, mwenye maneno machache. Aliifungua kanga, akalibonyeza titi kwa vidole viwili, akaniambia nitazame ukutani. Alipolichana, usaha uliruka, kisha ukashuka wa manjano na kijani, uliochanganyika na damu na maziwa yaliyoganda, ukajaa bakuli la bati na kuanza kujaa la pili. Harufu yake ilimtoa msaidizi wake nje. Nilizimia, nikazinduka, nikamkuta akiusukuma utambi mrefu wa kitambaa ndani ya kidonda.

"Nani alikuambia uache kunyonyesha?" aliuliza.

"Ni mimi," alijibu Mama kutoka mlangoni.

"Na kabla ya hapo mtoto alinyonya mara ngapi kwa siku?"

Nilitazama tena ukutani. "Mara tano," nikasema. "Kwa saa."

Alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. "Maziwa yakikosa kutoka huoza. Wewe ulianza kuyafungia, mama akamalizia. Mmeshirikiana vizuri." Kisha akauliza, "Hilo la kushoto je?"

"Limekauka, Bwana Mganga."

"Halijakauka. Limekosa mwenye kuliomba. Mweke mtoto hapo, usiku na mchana, kila atakapo na hata asipotaka. Na hili la kulia ulikamue kila siku, ujapolia."

Utambi ule ulitolewa na kutiwa mpya kwa siku kumi na mbili. Kila siku nililia, na kila siku Mama alinishika mabega. Hatukulaumiana. Hatukuwa na nguvu za kulaumiana.

Mwanangu alipona kuhara kwa maziwa ya Mama Shaibu. Utosi ulijaa, sauti ikarudi. Nilidhani kwamba shida imekwisha, kumbe ilikuwa imebakia ile ambayo hakuna kisu cha kuitibu. Alinikataa. Nikimweka kwenye titi la kushoto, alinusa, akajikunja mgongo, akanisukuma kwa viganja vyote viwili. Nilikuwa nimemzoeza kwa bidii kwamba akilia sitampa, na somo lilikuwa limemwingia.

Ni Mama Shaibu aliyegundua njia. Tulikaa mkekani nyonga kwa nyonga. Yeye alimnyonyesha hadi macho yakaanza kulegea, kisha akamtelezesha kwangu polepole bila kumwinua. Mara nyingi alizinduka na kupiga kelele, tukaanza upya. Mara nne, mara tano kwa siku aliziacha karanga zake kwa binti yake mkubwa, akaja. Siku moja nilimwambia, "Mama Shaibu, biashara yako inaharibika."

"Nyamaza, utamwamsha."

Siku tisa zilipita hivyo. Siku ya kumi alihamishwa kwangu akiwa nusu usingizini, na nikahisi mvuto, kisha mchomo kama wa sindano, kisha nikasikia akimeza. Nilitaka kusema. Mama Shaibu aliniwekea kidole mdomoni. Tulikaa hivyo, mguu wangu ukafa ganzi, jasho likatutiririka, na mtoto akanyonya kwangu mpaka akatosheka.

Tangu hapo sikumnyima. Nilimnyonyesha miaka miwili kamili kwa titi moja, kwa maana la kulia lilibaki na kovu refu kama kidole, na hata nilipowazaa wengine halikutoa ila matone. Nililibeba kama barua ya onyo.

Enyi kina mama mnaosoma haya, mtoto akilia, mpeni. Maziwa ya manjano ni yake, msiyamwage. Titi likivimba, mnyonyeshe zaidi, lifungueni, wala msilikaze kwa kitambaa, na nendeni zahanati siku ile ya homa, msingoje ya sita kama nilivyongoja mimi. Na atakayewashauri, awe mzee au awe kitabu, mpimeni katika kila neno lake peke yake. Kijitabu kilisema kweli juu ya dang'a na kikakosea juu ya saa. Mama mkwe wangu alikosea juu ya dang'a, akasema kweli juu ya kilio, akakosea tena juu ya homa, na siku ya tano ndiye aliyeokoa maisha ya mwanangu. Kuna mtu atakayesema kwamba ni taabu kupima hivyo. Ni taabu kweli. Mimi nilichagua njia isiyo na taabu, na mmeona iliponifikisha.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mganga, namshukuru Mama, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mama Shaibu naye tumemzika katika masika haya yaliyopita. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Yaliyotokea makaburini nimesimuliwa. Wanawe wa kiume ni wawili, na mmoja yuko mbali kazini, barua haijamfikia. Ilipofika wakati wa kuupokea mwili, Shaibu alishuka kaburini peke yake, na sheikh akauliza ni nani mwingine aliye maharimu wa marehemu, mtu asiyehalalika kumwoa. Mwanangu alivua viatu. Mgeni mmoja akamshika mkono, akamwuliza, "Wewe ni nani kwake?"

"Ni mwanawe," akajibu, akashuka.

Aliporudi nyumbani alikuwa na udongo hadi magotini. Nilimmiminia maji ya kunawa, naye akasema bila kuinua uso, "Mama, tumemlaza mama."