Bao la Baba, Sataranji ya Kaka

Kaka yangu alirudi Ihanda katika mwezi wa Juni, wakati wa ule upepo mkavu wa baridi unaopasua midomo, baada ya miaka kumi na mitatu katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Alishuka Tunduma, akakaa siku mbili kwa jamaa zetu kwa sababu kifua hakikumruhusu kuendelea, kisha akapata lori la mahindi lililomfikisha nyumbani akiwa amejilaza juu ya magunia. Vumbi la mwamba lilikuwa limemwingia mapafuni. Daktari wa mgodi alimpa barua na blanketi, akamwambia aende kwao akapumzike. Sote tulielewa maana ya kupumzika huko.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nikapangiwa shule ya misheni ya kijijini kwetu. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna mtoto anayestahili kuachwa nje ya rejista ya shule bila sababu inayoweza kutamkwa mbele ya Mungu. Binti pekee wa kaka, aliyepatikana katika likizo moja ya mgodini, alikuwa na umri wa miaka kumi, na hajui hata herufi moja. Mwezi wa Januari ungekuwa nafasi yake ya mwisho, kwa maana mtoto aliyepita umri huo hakuandikwa tena darasa la kwanza. Wiki ile ile kaka aliporudi nilimweleza jambo hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakataa.

"Yule ametoka kwangu," akasema. "Utapoteza chaki yako bure, mwalimu. Kichwa katika nyumba ya baba kilikuwa kimoja, na ulipewa wewe."

Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba ambao majirani wote wanaujua. Uso ule mtulivu ndio ulionikosesha usingizi.

Katika mzigo wake mlikuwa na kifuniko cha sanduku la baruti kilichochorwa miraba kwa lami, na mfuko wa vinyago vidogo vya mti. Nilipoviona nilitambua kwamba ni sataranji. Chuoni tulikuwa nayo moja, na mkufunzi wetu alizoea kusema kwamba mchezo ule ni mizani ya akili: mpe mtu ubao huo kwa saa moja, utajua Mungu alimjalia kiasi gani. Nami katika chuo kizima nilishindwa na mwanafunzi mmoja tu. Kwa hiyo kaka aliponiuliza kama naujua ule mchezo, nilijibu kwa upole wa mtu anayepanga kumwachia mgonjwa ashinde mara moja.

Hakuhitaji upole wangu. Alinifunga kabla chai haijapoa. Nikaomba mchezo wa pili, nikainamia ubao kwa mikono miwili kichwani, nikihesabu kila hatua kama nilivyofundishwa, naye akitazama barabara na kuwasalimu wapita njia. Akanifunga tena. Katika ule wa tatu alinyoosha kidole kabla sijasogeza chochote, akasema kwamba farasi wangu nitampeleka pale, na baada ya hatua nne nitajuta. Nilimpeleka pale pale, nikajuta kama alivyosema.

"Chuoni walikufundisha kusali tu," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila alasiri baada ya masomo, tukacheza barazani huku amejifunika blanketi la mgodi. Sikuwahi kumshinda. Lakini jioni nyingi nilirudi kwangu na furaha, kwa sababu niliona nimepata hoja. Ikiwa sataranji ni mizani ya akili, na kaka ananishinda mimi niliyesoma, basi kaka ana akili kunizidi. Na ikiwa ni hivyo, sababu yake ya kumzuia binti imeanguka.

Nilitaka hoja hiyo isimame imara. Kwa ujinga wa ujana wangu, nikachukua daftari la chuo lililokuwa na maswali ya kupima akili, nikamwuliza kaka machache kana kwamba tunapiga soga. Maji yanayojaza mapipa mawili kwa vipimo tofauti. Watu watatu wanaosafiri kwa mwendo usiolingana, nani atatangulia kufika kijiji cha Ruanda. Alikosa karibu yote. Mengine hakuyaelewa, na moja alilijibu kwa kuniuliza kwa nini watu hao hawakusubiriana. Usiku nilitazama alama nilizomwandikia, nikaona haya. Nilikuwa nimempima ndugu yangu kama debe la kahawa, na mizani zangu mbili zilikataa kupatana.

Siku iliyofuata nilimwuliza moja kwa moja alijifunzaje.

Alinieleza kwamba alilala katika hospitali ya mgodi karibu miaka miwili, na kitanda cha jirani kilikuwa cha karani mmoja wa Nyasa, mwenye ubao huo. Mwaka mzima wa kwanza alifungwa kila siku, asubuhi na mchana, wala hakuna aliyejali, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ila kukohoa na kungoja supu. Karani alipofariki alimwachia ubao. Kaka akaendelea na wagonjwa wengine waliokuja na kuondoka. Sasa, alisema, hafikiri hata kidogo. Anautazama ubao kama zamani alivyolitazama zizi jioni: hakuhitaji kuhesabu ng'ombe ili ajue ni yupi ambaye hajarudi.

"Kwa hiyo usinipambe," akamaliza. "Najua unakotaka kunipeleka. Hii si akili, mdogo wangu. Ni kulala sana. Ungelala wewe pale, ungenishinda."

Hapo hoja yangu ilivunjika, na mvunjaji alikuwa mtu asiyeweza kujaza mapipa mawili ya maji. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo lilivunjika pamoja nayo, na hilo nililijua mimi peke yangu.

Tulipokuwa wadogo, mwinjilisti alipita nyumba kwa nyumba akiomba kila baba atoe walau mtoto mmoja asome. Baba yetu alikuwa na wana wawili na ng'ombe wengi. Alisema atamtoa mwenye akili, na yule mwingine atatosha kwa ng'ombe. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa bao, na aliamini kwamba bao halidanganyi. Kichwa cha mtu, alisema, kipo katika mkono unaopanda kete. Basi alitukalisha mimi na kaka penye mashimo ya bao uani, mbele yake, tucheze mara tatu. Kaka alikuwa ametoka malishoni na matope magotini. Nilimshinda mara zote tatu. Baba alikusanya kete, akazirudisha mfukoni, akamwambia kaka awahi kufungua zizi. Jumatatu iliyofuata nilipelekwa shule.

Kile ambacho baba hakukijua ni hiki. Msimu wa mvua uliotangulia, nilikuwa na donda mguuni lililonifunga nyumbani tangu kupanda hadi kuvuna. Bibi, mama yake baba, alinifundisha bao ndani ya jiko lake, kwa maharage, ili nisilie. Ndiye aliyemfundisha baba pia. Tulicheza kila siku Mungu aliyoileta, naye aliniambia nisiseme, kwani baba hakupenda kusikia kwamba mabingwa hufundishwa na wanawake. Kaka msimu ule wote alikuwa mvuani na ng'ombe. Siku ya mashindano alikuwa na ujuzi wa mtoto yeyote aliyewahi kutazama wakubwa wakicheza. Mimi nilikuwa na michezo mia kadhaa mikononi. Baba alidhani anapima vichwa. Alipima donda langu.

Niliijua kweli hiyo tangu utoto, lakini niliibeba kama kitu kisicho na uzito. Sasa ilinilemea. Agosti ikapita, Septemba ikapita, mvua za kwanza zikaanguka, nami nikicheza na kufungwa kila alasiri bila kusema. Nilijiambia kwamba nangoja apate nafuu. Ukweli ni kwamba kila nilichokuwa nacho, shati jeupe, cheo, na lile jina la mwalimu alilonitania nalo kaka, kilitokana na siku ile, na niliogopa kukitazama mbele yake.

Wiki ya mwisho ya Desemba nilifungua rejista mpya ya shule na kuona mistari mitupu. Nikaenda kwake kabla ya saa sita. Alikuwa anapanga vinyago. Nilimwomba aache kwanza, nikamweleza yote: donda, jiko, maharage, bibi.

Alishika askari mmoja wa mti vidoleni muda mrefu.

"Msimu mzima?" akauliza.

"Msimu mzima."

"Kila siku?"

"Kila siku, kaka. Hukushindwa kwa akili. Ulishindwa kwa sababu ulikuwa kazini. Na kama wewe hukuwa mjinga, huna sababu ya kumnyima mtoto shule."

Nilikuwa nimekariri maneno hayo njiani, na nilitarajia yamfungue. Kaka alikiweka chini kile kinyago polepole. Kifua chake kilipiga filimbi mara kadhaa kabla hajasema.

"Nilikaa chini ya ardhi miaka kumi na mmoja nikijua kwamba pale ndipo mahali pangu. Watu walilia mle ndani, mimi sikulia, kwa sababu nilijua nimepimwa na baba yangu. Sasa unaniambia hapakuwa pangu. Nikae wapi, mdogo wangu? Nionyeshe."

Nilianza kusema juu ya haki na ukweli, nikasikia sauti yangu kama ya mtu anayehubiria ukuta, nikaacha. Akaniomba niende, kwa kuwa amechoka.

Siku ya kuandikisha watoto, shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja shuleni na binti aliyepakwa mafuta hadi visigino. Alisema, huku akitazama pembeni, kwamba baba wa mtoto amesema aandikwe. Niliandika. Alasiri nilikwenda kumshukuru kaka, nikamkuta amelala ameelekea ukutani. Nilipoutaja ubao alisema umeingia unyevu. Hatukucheza tena. Nilipomtembelea tulizungumza juu ya dawa, juu ya mbolea ya miche ya kahawa, na juu ya mvua. Hakuniita mwalimu tena, hata kwa mzaha; aliniita kwa jina langu, kama mgeni anavyoitwa. Alifariki kahawa ikiwa imeanza kuwiva.

Mkufunzi wangu alikosea kuhusu sataranji, na baba alikosea kuhusu bao. Hayo nayajua. Kama ningalikuwa jasiri zaidi ningaliyasema mapema, wakati kaka angali na nguvu za kukasirika. Au kama ningalikuwa na huruma zaidi, pengine nisingaliyasema kabisa, ningalitafuta njia nyingine ya kumfikisha mtoto shuleni. Nimeliweka jambo hili katika sala bila kupata jibu.

Binti hakufanya vizuri. Mwaka ule alikosa siku nyingi akimtunza baba yake, na siku alizofika alisoma polepole, kidole chini ya kila herufi. Mwisho wa mwaka hesabu zake zilikuwa chini kabisa ya orodha, na mwalimu mkuu akaandika pembeni ya jina lake kwamba hana uwezo, aondolewe. Nilikwenda ofisini kwake nikamwomba anionyeshe ameupima uwezo huo kwa kitu gani. Alinitazama kwa mshangao, akanisukumia daftari la mtihani. Sikubishana naye zaidi. Nilimwomba ampe binti mwaka mmoja zaidi kwa dhamana yangu, naye akakubali bila furaha.

Januari nilimwandika tena, darasa la kwanza, na nikampa benchi la mbele.