Nilibeba lawama ya bastola ya majlis, rafiki yangu akapeleka shemeji yake kwa nafasi ya ndugu yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio duty na mlio off.

Hii story sijaitia chumvi hata kidogo. Naiandika nikiwa ndani ya gari la boss hapa Al Wukair, Qatar, AC iko full, na bado natokwa na jasho la hasira. Mkiona typing mbovu mnivumilie.

Mimi ni house driver Muaither, huu ni mwaka wa sita. Nyumbani ni Kitale. Kabla nije huku nilikuwa fundi wa cherehani na kufuli, kwa hivyo kitu chochote kidogo cha chuma kikiharibika kwa ile nyumba, naitwa mimi. Boss tunamwita Baba. Ni mzee Mqatari, mtu wa maneno machache.

Sasa kwa ukuta wa majlis, ile sebule yake ya wageni, kuna bastola.

Tulieni kwanza. Ni replica, kopi ya zile revolver za kale ambazo unashindilia baruti ya unga na risasi kwa mbele ya silinda. Hiyo model inaitwa Navy. Ilitengenezwa Italia miaka mingi iliyopita, marehemu baba yake Baba akainunua, na karatasi zake zote ziko. Shida ilikuwa moja tu: ukivuta nyundo, silinda haizunguki.

Siku moja Baba akaniita. Jina langu ni Moses lakini yeye huniita Musa.

"Musa, hii nataka izunguke kabla ya Eid. Dada yangu anatafuta driver. Ukiitengeneza vizuri, ndugu yako atakuja."

Wakuu, huyo ndugu ni Kelvin, kitinda mimba wetu. Nilimuombea nafasi kwa Baba zaidi ya mwaka. Nilipompigia simu, aliacha kibarua chake cha hardware siku hiyo hiyo. Mjinga, lakini ni damu yangu.

Nikaifungua ile bastola. Ndani kuna kijichuma kama kidole, kazi yake ni kusukuma meno ya nyuma ya silinda kila ukivuta nyundo. Springi yake ilikuwa imekatika na ncha imelika. Kitu kidogo sana. Nikadhani ni kazi ya wiki mbili.

Wapi! Kila muuza spea niliyemwandikia aliniuliza swali moja: imetengenezwa na nani? Kumbe hizo kopi zilitengenezwa na watu wengi huko Italia. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini spea haziingiliani. Jibu liko kwa alama ndogo zilizogongwa chini ya mtutu, zimefichwa na lever ya kushindilia. Kuna nembo ya kiwanda, na kuna kiboksi chenye herufi mbili zinazoonyesha mwaka ilipopimwa kama ni salama.

Nikaishusha lever. Alama zilikuwepo, lakini miaka ya uchafu na kutu ilikuwa imezifunika. Nilisoma herufi moja tu, na hata hiyo sina hakika.

Hapo ndipo Dan anaingia.

Dan ni mlinzi wa geti letu, Mkenya mwenzetu, tunalala room moja. Tumekula naye ugali sahani moja miaka minne. Yeye kwa sababu amevaa uniform anajua kila kitu kuhusu silaha. Akaniambia, "Buda, unasumbuka nini? Hiyo ni uchafu. Tuipige polish, herufi zitatokea zenyewe."

Na mimi nikakubali! Hapa najitukana mwenyewe kabla nyinyi hamjanitukana. Mnajua kazi zetu huku. Alhamisi yote unang'arisha gari, birika za kahawa, vitasa vya milango, ili Ijumaa wageni wakija kila kitu kimetameta. Miaka sita nimesifiwa kwa kung'arisha. Kichwa changu kilishajua kwamba kitu kikiwa na shida, kwanza kipigwe brashi.

Nikamkabidhi mtutu. Akaupeleka mtaa wa Al Mansoura kwa jamaa mwenye mashine ya kupolish birika. Kipande cha bunduki, ndani ya mfuko wa supermarket, kwa basi! Askari angemsimamisha, saa hii tungekuwa tunawaandikia kutoka ndani.

Akarudi anacheka. Mtutu unawaka, unaweza kunyolea ndevu.

Nikaugeuza nione chini.

Laini. Hakuna nembo, hakuna kiboksi, hakuna herufi. Ile mashine ilikula kila kitu.

Dan naye akaanza kunibembeleza. Ati ana warning letter tayari, ati ana watoto watatu, ati Baba akijua atamrudisha Kenya. "Wewe anakupenda, bro. Wewe hawezi kukufanya kitu."

Asubuhi Baba akashika mtutu. Hakuangalia ile shine hata. Alipitisha kidole gumba chini, akarudia tena polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Nikiwa mtoto baba yangu alikuwa ananishikisha hapa," akasema. "Nani amefanya hii?"

Dan alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akiangalia viatu vyake.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Peke yangu."

Baba akauweka mtutu mezani, akaondoka. Wakuu, afadhali angenipiga kofi.

Sikukata tamaa. Nilifungua screw za mpini, nikatoa mbao taratibu, nikachungulia na tochi. Na hapo, kwa chuma kilichokaa chini ya mbao miaka yote, nikakuta nembo na kile kiboksi, herufi mbili zimetulia kama zimegongwa jana. Nilipiga kelele mpaka mpishi akaja mbio.

Nikampelekea Baba picha. Yeye mwenyewe akaagiza spea kwa duka lenye leseni, kwa jina lake na karatasi zake. Na nyinyi msijaribu kuagiza spea ya bunduki kwa QID yako, kile kitambulisho cha u-driver, utapotea.

Kile kijichuma kipya kilikuja kikubwa kidogo. Dan, bila aibu, akataka tupige tupa meno ya silinda! Nilimfukuza. Unapunguza kile kipya, kidogo kidogo, unajaribu, unatoa, unajaribu tena. Kile cha zamani hukigusi. Siku tatu. Siku ya nne nikavuta nyundo, silinda ikazunguka, ikafunga: tak.

Baba alivuta mara sita. Akasema shukran. Nikajipa moyo, nikauliza kuhusu Kelvin.

"Khalas, Musa, imeisha. Dan aliniambia alikukataza kupolish, wewe hukusikia. Dada yangu anataka mtu wa kusikia. Dan ameleta shemeji yake."

Alikukataza!

Ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasema ni mimi peke yangu.

Na leo, wakuu, nani ametumwa airport kumchukua huyo shemeji? Driver ni nani kwa hiyo nyumba?

Nimembebea bag. Nimemleta mpaka hapa Al Wukair, kwa dada yake Baba. Ni kijana mpole, sina ubaya naye. Alipokuwa anashuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana, brother Moses. Dan aliniambia ni wewe ulituachia hii nafasi."

Kelvin amepiga simu mara mbili nikiandika hii. Sijashika.

Nilichojifunza: kitu cha kale usikisugue kabla hujajua ni nini, kwanza kifungue, angalia chini ya mbao. Na lawama ya mtu mwingine usiibebe hata kama mnalala room moja.

Sasa nishaurini. Niende kwa Baba nimwambie ukweli, nionekane muongo mara mbili? Ama nimeze? Leteni maoni, hata ya kunitusi nitasoma.

Na wewe Dan, najua uko humu, na ID yako naijua. Anza na wewe ku-comment.