Wiki Mbili za Kumwamsha Mama

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha hunirudisha Julai ile nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Ukungu haukuinuka mpaka saa tano, na migomba ilidondosha maji asubuhi nzima. Mama alianguka akichuma kahawa, kikapu kikiwa bado kiunoni. Hospitali walisema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havimsikii na maneno yalimkwama, lakini kijiko alianza kukishika, na jina langu, Naomi, alilitamka, ingawa kwa shida.

Aliyekuja kumuuguza ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa ameugua, akalala mchana mmoja, asiamke tena. Tangu hapo shangazi aliamini kwamba usingizi wa mgonjwa ni nduguye kifo. Baba alikuwa shambani maana kahawa ilikuwa inaiva, shule zimefungwa, basi kukaa na mama mchana kukawa kazi yangu. Shangazi alinipa bakuli la maji na kitambaa. "Akifumba macho, mpanguse uso," aliniambia. "Ukimwacha alale, utamkosa."

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Kope zikishuka tu, nilimpangusa kwa maji yale ya baridi, nikampigia makofi, nikamwimbia nyimbo za shule ya Jumapili. Usiku shangazi alichukua zamu. Waumini wenzetu nao walikuja makundi kwa makundi kumwombea, hata akakosa upenyo wa kufumba macho. Mama akazidi kufifia. Kijiko kikawa kinamdondoka. Jina langu likapotea. Likabaki neno moja tu, alilolirudia akinitazama huku machozi yakimtoka: "Nila... nila..." Mimi nilisikia *nile*. Nikakimbilia jikoni kumletea uji, naye akageuzia uso ukutani. Shangazi akasema nimlazimishe. Nikamlazimisha.

Wiki ya pili ilipokuwa inaisha, nesi wa zahanati alipita kumpima presha. Akauliza mgonjwa analalaje. Nilimjibu mimi, tena kwa fahari, kwamba halali, kwamba simwachi. Nesi aliweka kifaa chake chini. Hakutukaripia. Alimweleza shangazi kuwa ubongo ulioumia hujitengeneza mtu akiwa usingizini, na yale anayojifunza akiwa macho, kushika kijiko, kutamka jina, hushika mizizi akilala. Kisha akamwinamia mama, akamsikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema *nilale*," alituambia.

Shangazi aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Mama alilala hadi jioni, nami nilisimama mlangoni nikimsubiri afe kwa kosa langu la kumwacha.

Hakufa. Wageni walipangiwa saa, na baba akatundika pazia zito dirishani. Jina langu lilirudi kabla mavuno hayajaisha, na Krismasi mama alitembea kwa mkongojo hadi kanisani. Mkono wa kulia haukurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nimekuwa nikiyainamia miaka yote. Nimewauliza madaktari wawili kama wiki zile ndizo zilizomnyima mkono. Wote walisema hakuna awezaye kujua. Nilitamani angalau mmoja aseme hapana.

Sasa naishi mjini, Kimandolu, na mama yuko kwangu. Siku hizi hata redio huzungumzia kiharusi, na jirani yetu alipokipata, wanawe walibandika karatasi mlangoni: mgonjwa amepumzika, tafadhali rudini jioni. Nilisimama mbele ya karatasi ile kama mtu aliyechelewa mazishi. Sisi hatukuwa na wa kutuambia mapema. Najua hilo, wala halinisaidii.

Mwaka jana nilimwomba mama msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha kwa mkono wa kushoto.

"Nilijua unaogopa," alisema. Kisha akaacha mchicha, akanitazama. "Na wewe je, mwanangu, siku hizi unalala?"