Siku niliyomfuta Mama Amina

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla dada yangu Hadija hajaisimulia vibaya zaidi (na anaisimulia kila wiki). Ilikuwa harusi yake, Papa, baba yetu, akaniomba niwatumie wageni ujumbe wa mwaliko, kazi ya simu tu, lakini mimi, fundi wa kompyuta wa Kamembe nzima kwa maoni yangu mwenyewe, nikasema nitaunda programu. Siku hizi hauandiki hata mstari, unaiambia mashine unachotaka, inaandika yenyewe. Sasa kwenye orodha baadhi ya watu walitokea mara mbili, maana Papa na Maman kila mmoja alileta yake, basi nikaiambia: futa majina yanayojirudia, waliobaki watumie. Dakika mbili, kosa hata moja hakuna, nikatembea mtaani kifua mbele.

Hebu hesabu kina Mama Amina unaowajua. Sisi tulikuwa nao watatu. Mashine ikambakiza wa kwanza, muuza samaki wadogo wa sambaza, ikamfuta fundi nguo (yeye alikuja hivyo hivyo, gauni la bibi harusi alilishona yeye), ikamfuta na shangazi yetu, dada ya Papa, aliyemlea Hadija na ndiye wa kumtoa chumbani siku hiyo.

Wageni wamekaa, bwana harusi anatoka jasho, shangazi hayupo, na Hadija anasema nyuma ya mlango kwamba bila shangazi hatoki. Nikapanda pikipiki ya kukodi mpaka Cyangugu, nikamkuta na kitenge cha nyumbani, anamenya ndizi. Jirani yake alipata mwaliko, yeye hapana, akaona hatakiwi. Nikaeleza habari ya programu, nikachanganya na maneno makubwa makubwa ili nipone.

"Hiyo mashine inanijua?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Na weye?"

"Nakujua."

"Sasa juu ya nini haukuiambia?"

Hapo nikaacha maneno makubwa, nikaomba msamaha. Akavaa, akapanda ile pikipiki iliyonileta, mimi nikafuata na nyingine nimekumbatia sufuria yake ya ndizi. Nilipofika alikuwa ameshika mikro ya vipaza sauti, ananisubiri.

"Huyu ndiye alinifuta," akawaambia wageni. "Mwanangu, ambia batu mimi ni nani."

Nikasema: ni shangazi yetu, aliyemsuka Hadija nywele kila Jumapili mpaka akamaliza shule. Watu waliokuwa wanacheka wakageuka, maana mlango wa chumbani ulifunguka, Hadija ameufungua mwenyewe.

Tangu hapo, kabla sijaiagiza mashine chochote, nakaa kwanza na Maman jikoni namuuliza kila jina ni la nani, na kazi ya dakika mbili inakula mchana mzima. Nimekubali.