Pumzi Juu ya Chupa

Mkataji wa viini katika maabara ya miwa hapumui chupa ikiwa wazi. Pumzi moja yatosha kuotesha ukungu, kwa hiyo huibana kifuani, akakata kiini cha muwa kidogo kama punje ya mtama, akakipandikiza katika lishe, uji wa virutubisho ulio chupani, akafunika, ndipo apumue. Mazoea yana taabu, hata nyumbani, akikata kitunguu, mumewe humwambia, “Pumua, mama watoto. Hicho cha mchuzi.” Mpika lishe wa maabara akimtania kazini, yeye hucheka baada ya kufunika, mtaniaji mwenyewe ameshausahau mzaha. Jana alikuwa akikata mpika lishe alipoingia taratibu, macho mekundu, mabega yameshuka.

“Dada, ile lishe mpya imetuangusha. Vichipukizi vyeusi, rafu nzima. Mwaka mzima wa mikono yako. Na wakulima wanangoja miche.”

Alikipandikiza kiini, akafunika chupa. Mpika lishe alisimama kando yake, akingoja aseme neno, au alie. Naye, pumzi ikiwa bado imebanwa kifuani, akafungua chupa nyingine.