Ukurasa wa Mzee Vifungo

Pambo hakuwahi kutengeneza tovuti iliyotulia. Duka la mabati alilitengenezea mabati yanayoruka kama vishada. Kinyozi akapata mkasi unaotembea skrini nzima kabla bei hazijatokea. Wateja walimpenda mpaka walipogundua kwamba hakuna anayewapata mtandaoni. Hapo walihamia meza yangu, maana ofisini tulikuwa wawili: yeye achezeshe, mimi niandike maneno ya kusomwa na injini za kutafuta. Injini haijali mapambo. Inasoma maandishi, na pasipo na maandishi inapita zake.

"Maneno yako yanaua kazi yangu," alikuwa akiniambia.

"Na kazi yako ni uzuri wa mkakasi," nilimjibu. "Ndani kipande cha mti."

Kipaji alikuwa nacho, simnyimi. Ila kiburi chake kiliingia mlangoni kabla yake, na sikuwahi kukipenda.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mzee Vifungo, kwa sababu hakuweza kuzungumza na mtu aliyeruka kifungo bila kumfunga upya, awe mkubwa awe mtoto. Uzeeni kumbukumbu zilianza kumtoka. Alisahau jina la mkewe, akasahau majina ya watoto, akasahau hata lake la kuzaliwa. Lile la utani tu ndilo lililobaki. Asubuhi moja alitoka kwenda kununua uzi, asirudi.

Tulizunguka vituo vya polisi na hospitali za mji mzima, tukatoka kapa. Ndipo Pambo akasema atatengeneza ukurasa wa kumtafuta, na kweli aliutengeneza. Vifungo vya kila rangi vilidondoka kutoka juu, vikadunda, vikajipanga kuwa jina la mzee. Uso wake ukajichora kwa mshono, sindano ikienda na kurudi. Mwisho ikaja namba ya simu. Mama yake alilia alipouona. Mimi pia niliguswa, kisha nikaukagua kwa ndani: hapakuwa na neno hata moja la maandishi. Yote ni picha, jina na namba pia.

Nikaandika mistari michache, nikaiweka chini kabisa. Mzee amepotea, ni fundi cherehani, hujiita Vifungo, piga namba hii. Kesho yake haikuwepo.

"Umeifuta?"

"Inachafua ukurasa. Kama tangazo la sumu ya panya."

"Wewe! Huyu ni baba yako. Mtu wa mbali atampataje?"

"Watu watatumiana. Kitu kizuri kinajitembeza chenyewe."

Tuligombana mpaka jirani akagonga ukuta. Mama yake Pambo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, anatusikiliza. "Mwache mwenzako, mwanangu," akaniambia. "Anaijua kazi yake." Nikamwacha.

Kitu kizuri kikajitembeza kweli. Mafundi wa tovuti wenzake wakakisifu, wakamwalika ukumbini akawafundishe namna ya kudondosha vifungo. Akaenda, tena amevaa koti jipya. Miezi ikapita, na simu hazikuja ila za pongezi.

Tulikuwa sebuleni kwa mama, tumekwenda kumjulia hali, simu ya Pambo ilipolia. Mpigaji alikuwa muuguzi wa mji wa mbali. Mdogo wake alikuwa amemwonyesha ukurasa ule ili acheke vifungo vinavyodunda, naye akalitambua jina, kisha uso. Pambo akaweka spika ili sote tusikie.

"Alishushwa na lori hapa hospitalini, akiwa na homa ya mapafu," muuguzi alisema. "Kila asubuhi alinifunga koti langu la kazi. Nilipomuuliza jina, alisema Vifungo. Nililitafuta mtandaoni. Nikaandika fundi cherehani, nikaandika mzee aliyepotea. Kila zamu nilijaribu. Sikuona kitu."

"Yuko wapi sasa?" mama akauliza.

"Pole sana, mama. Alifariki. Manispaa ilimzika, maana hakutokea mtu."

Simu ilipokatika, mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Yale maneno uliyoyaandika siku ile. Yangebaki, huyu dada angeyaona?"

Pambo alinitazama, na nilielewa vizuri kabisa anachoniomba. Ningeweza kusema labda. Watu wema husema labda. Lakini nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu muda mrefu, na koti lake jipya lilikuwa limetundikwa palepale nyuma ya mlango.

"Angeyaona, mama," nikasema. "Siku ileile aliyotafuta mara ya kwanza."

Pambo akafunika uso. Nilikuwa nimemlenga yeye, na nilifurahi kuona yamempata. Kisha nikamsikia mama, taratibu, kama mtu anayejikumbusha alikoweka ufunguo.

"Na mimi ndiye niliyekwambia umwache."